Pasi Chini ya Kanzu

Jumamosi za utoto wangu zilinukia sabuni ya kipande na moshi wa nyama choma uliotujia kutoka Soko la Burma, nyama ambayo sisi tuliijua kwa pua tu. Mtaani kwetu Eastlands, katikati ya miaka ya tisini, kiwanja kilikuwa kimoja na wenyewe wawili: sisi watoto, na akina mama wenye nguo. Wao walifunga kamba zao katikati kabisa, kutoka mlingoti wa nyaya za stima hadi ukuta wa bafu, nasi tukacheza hapohapo, mashuka mabichi yakitupiga makofi usoni. Sheria ilikuwa moja, na hata wakorofi wa mtaa waliiheshimu: ukichafua nguo unatoka, unaifua, ndipo unarudi.

Mimi niliota kuwa mchezaji wa kulipwa tangu siku niliyosikia kwamba kuna watu wanalipwa kwa kukimbia. Nilipenda mashuti ya juu, yale ambayo hata ukikosa goli watu wote wanakutazama. Basi tukasikia kwamba kocha wa timu ya vijana ya kiwanda fulani cha Industrial Area angekuja Jumamosi kuchagua mtoto mmoja. Mmoja tu. Wiki ile hata ugali ulinipita kooni bila salamu. Siku ikafika, kocha akaja na kijiti cha meno mdomoni, na mpira wa kwanza kunifikia niliupiga kwa moyo wangu wote. Ukapaa, ukashuka kifuani mwa kanzu nyeupe ya Mama Adhiambo, jirani yetu wa mlango wa pili, kanzu yake ya kanisani iliyoanikwa kambani. Hakupiga kelele. Alileta karai.

"Mama, kocha amekuja," nikamlilia. "Ni leo tu."

"Na Mungu anakuja kesho," akasema. "Anza na kola."

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini wahenga hawakuwahi kufua kanzu huku kocha akitazama saa. Rafiki yangu Njoroge kila akipita aliniuliza, "Niaje, dobi?" Nilisugua huku machozi yakinisaidia kusuuza. Ila nikiwa nimechuchumaa pale, chini ya pindo za nguo, niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona nikiwa nimesimama: miguu peke yake, bila watu. Kidole gumba cha Njoroge, kilichochungulia kwenye raba, kiligeukia upande anaotaka kukimbilia kabla yeye mwenyewe hajajua. Beki wa timu pinzani alikanyaga mara mbili kila alipotaka kudanganya. Niliporudi mchezoni, mikono ikiwa na povu, sikuthubutu kuinua mpira hata kidogo. Haikuwa akili, ulikuwa woga. Niliupitisha chini ya mashuka, nikifuata kile kidole, na Njoroge akafunga mawili.

Kocha akaniita, akauliza nani amenifundisha kupiga pasi za chini vile. Nikamwambia ni Mama Adhiambo. Akatoa kidaftari, akaandika jina, akataka kujua mama huyo anafundisha timu gani. Nikamwonyesha karai.

Nilicheza kiungo mpaka magoti yakakataa. Watangazaji walinisifu kwa utulivu, eti siinui mpira ovyo. Ukweli ni kwamba kila nilipotaka kuuinua, niliona kanzu. Leo kiwanja chetu kimeota maghorofa, nguo zinaanikwa huko juu kwenye vibaraza, na watoto wanacheza kwenye nyasi za plastiki za kukodi, viatu vikimeta, na hakuna anayewaambia wafue chochote. Wanapiga juu tu, jamani. Mwezi uliopita nilimpelekea Mama Adhiambo jezi yangu ya mwisho, niliyoifua mwenyewe, kama shukrani. Aliishika, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama shingoni kwa muda mrefu. Nilidhani analia.

"Mwanangu," akasema, "kola bado hujaijua."

Nikainuka kutafuta karai.