Kusafisha Picha

Kuna watu wakiingia nyumbani kwako hutazama viti, na wengine hutazama sufuria. Mpiga picha huyu alitazama kuta. Aliisogelea picha yoyote iliyotundikwa mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, kisha akasonya. "Chenga," alisema, kabla hata ya salamu. Harusi ya mtu, mtoto wa mtu, marehemu mama wa mtu, kwake vyote vilikuwa chenga, yaani zile punjepunje zinazojaa kwenye picha iliyopigwa gizani kana kwamba imemwagiwa mchanga. Watu wakambandika jina hilohilo, Chenga, naye kwa jinsi kichwa kilivyovimba akadhani ni cheo.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari: pazia la bluu lililopauka, kiti cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka, feni yenye kikohozi, na kompyuta aliyoifunika kitambaa kila jioni kama mtoto mchanga. Mchana alipiga picha za vitambulisho, kazi aliyoidharau, na waliokuja kupigwa aliwadharau zaidi. Fahari yake ilikuwa picha za usiku, bila flashi. Flashi, alisema, ni ya waoga.

"Wenzangu wakiona giza wanapandisha ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga," alimwambia kila aliyekosa pa kukimbilia. "Unailazimisha kamera ione isichoweza kuona, nayo inakutemea chenga. Mimi naishusha. Naweka kamera kwenye stendi, nafungua muda mrefu, mwanga unaingia polepole. Halafu napiga picha nyingi za kitu kilekile, kompyuta inazipanga moja juu ya nyingine. Chenga haitulii. Kwenye picha hii iko hapa, kwenye ijayo iko kule. Basi kompyuta inabakiza kilichotulia, kinachorukaruka inakifuta. Unapata picha safi kama sahani."

Na ni kweli, tusimwonee. Kazi aliijua. Ubaya ni kwamba alijua hiyo tu, na akaamini ndiyo dunia nzima.

Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyestaafishwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mikono iliyopitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani sasa ilicheza yenyewe, na siku hizi kichwa nacho kilianza kuifuata. Mwaka huo binti yake mkubwa, muuguzi ng'ambo, alipata likizo kwa mara ya kwanza tangu mama yao azikwe. Mzee hakuzunguka mbuyu.

"Likizo ijayo sijui kama atanikuta," alimwambia mwanawe. "Nataka picha moja tu, mimi na wanangu wote. Utupige, kisha unisafishie niitundike."

Kwa watu wa rika la mzee, kusafisha picha ni kuitoa kwenye filamu ije kwenye karatasi, basi. Ukisafisha, unaishika mkononi. Lakini Chenga alisikia kusafisha, akaelewa kufuta chenga, akatabasamu hadi jino la mwisho. Hatimaye mzee ametambua amezaa mtu wa aina gani.

Dada mkubwa alishauri wapigwe mchana, uani, kwenye mwanga.

"Juani hata kipofu anapiga picha," Chenga akamjibu.

Kwa hiyo walipigwa baada ya chakula cha jioni, chini ya taa moja ya ukutani, mbu wakila bila kunawa. Mzee alikaa kitini, binti mkubwa kulia, binti mdogo kushoto, na nyuma pakaachwa nafasi ya Chenga mwenyewe, ambaye kamera ingempiga ikijiendesha. Mume wa binti mdogo, fundi bomba, alisimama pembeni na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Chenga aliitazama simu ile kama mtu aliyeona mende kwenye sukari.

"Shemeji, hiyo irudishe mfukoni. Hapa tunafanya kazi."

Mzee alikuwa ameibana mikono katikati ya magoti ili isimwaibishe. Chenga akaiona.

"Weka mikono juu ya mapaja, Baba, ukae kama mtu. Na utulie."

"Natulia, mwanangu."

"Hujatulia."

"Kaka, wewe!" binti mdogo akasema, lakini kamera ilishaanza kuhesabu, na Chenga alishakimbilia nafasi yake nyuma ya kiti. Kamera ikafunguka na kufungika, ikafunguka na kufungika. Hakuna aliyepumua. Mzee alikaza shingo hadi mishipa ikasimama, akaiamuru mikono kimoyomoyo, na mikono haikumsikiliza. Kamera ilipomaliza, binti mkubwa alisema kwamba hata maiti hawatulii hivyo, mzee akaangua kicheko na kurusha mikono juu. Hapo fundi bomba akaitoa simu, akapiga.

"Mkusanyaji wa chenga," Chenga akamwambia, akakunja stendi.

Studioni aliipa kompyuta kazi, kisha akaikagua picha kwa desturi yake: alianza na kona ya ukuta, kwenye kivuli kizito, mahali chenga hupenda kujificha. Hapakuwa na hata moja. Akaenda kwenye paa, kwenye mlango, kwenye uso wake mwenyewe, ambao aliukagua kwa muda mrefu kuliko ukuta. Safi. Zile picha za mwanzo akazifuta zote, maana yeye, alisema, hafugi uchafu. Akaichapa kubwa, akaitia kwenye fremu, na asubuhi ya safari ya dada yake akaingia nayo sebuleni ikiwa imefunikwa kitambaa.

Akakivuta kitambaa. Akasubiri makofi.

Matofali ya ukuta yalihesabika. Mabinti walionekana hadi nyuzi za vitenge. Katikati yao, kitini, palikuwa na shati lililopigwa pasi vizuri, na mikono ya shati hilo iliishia kwenye vifungo vyake. Mbele ya vifungo, mahali pa viganja, hapakuwa na kitu, ila moshi kidogo juu ya suruali. Juu ya kola palikuwa na uso uliofutwa kwa kitambaa kibichi. Kwa nyuma Chenga alisimama maridadi, anang'aa.

Mzee alivaa miwani, ikamchukua muda kuifikisha masikioni. "Huyu aliyekaa kwenye kiti changu ni nani?"

Akamgeukia Chenga.

"Hizo chenga ndizo nini hasa, mwanangu? Unazitaja kila siku."

Chenga alikuwa ameanza kuona. Kinywa chake, kwa mazoea, kikajibu chenyewe. "Ni kile kisichotulia, Baba. Kompyuta inakifuta."

Mzee akaitazama mikono yake. "Basi imefanya kazi yake."

Binti mkubwa akageukia dirishani, mabega yakitikisika. Chenga akaropoka kwamba atapiga nyingine, sasa hivi, dakika moja tu. Kisha akakumbuka kuwa kamera ameiacha studioni, kwa sababu asubuhi hiyo hakuja kufanya kazi, alikuja kusifiwa. Nje gari la kwenda uwanja wa ndege lilipiga honi.

"Ipo ile ya simu," mzee akasema. "Niliyocheka."

Ilikuwepo kwa kila mtu. Walikuwa wametumiana tangu usiku uleule, ng'ambo ilishafika na kurudi. Chenga peke yake hakuwa nayo. Nani angethubutu kumtumia?

"Hiyo ndiyo unisafishie," mzee akasema. "Lakini usafishe kizamani. Uitie kwenye karatasi, usiiguse."

Chenga alimsogelea mume wa dada yake.

"Shemeji, nitumie ile picha."

"Ina chenga, shemeji."

"Nitumie."