Nilivyozikwa Mara Mbili Mjini Nyeri

Mara ya kwanza kufa ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa mjini Nyeri, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi safu ya tatu nikitafuna njugu.

Aliyenifia, yaani aliyeigiza kifo changu jukwaani, ni kijana mwembamba wa suruali ya kubana, meno yote kinywani. Mimi yangu yamepungua. Aliimba, akashika tumbo, akaimba tena, akainua mkono juu kama anayesimamisha basi, kisha akaanguka polepole vile mtu anavyoketi kwenye kochi la wenyewe. Watu wakapiga makofi. Mke wangu akaniinamia sikioni.

"Umekufa vizuri kushinda vile umeishi," akasema.

Wacha nieleze, maana asiyetoka kwetu hawezi kujua. Miaka michache iliyopita, kule juu mashamba ya majani chai yanakoanzia, wanaume watano tulikunywa pombe mbaya. Wanne walizikwa wiki moja. Mimi nilitoka hospitalini na jicho moja la kuona na lingine la kujaza nafasi. Baadaye akaja msichana mmoja kutoka Nanyuki, aliyewahi kuwa mwalimu, sasa ni mwelekezi wa michezo ya kuigiza. Akakaa kwetu siku tatu, simu yake mezani inarekodi, mke wangu anamjazia chai. Nilimwambia kila kitu. Hata yale ambayo polisi hawakuyauliza nilimwambia.

"Hii ni hadithi yako, baba," akaniambia akiondoka. "Sisi tutaiimba tu."

Sasa ndiyo hiyo ilikuwa inaimbwa. Walisema hili ni onyesho la majaribio, kabla mchezo haujaenda Kangari na Nanyuki. Kiingilio hakuna, lakini ukitoka unajaza karatasi ya maoni: nini kimekupendeza, nini kirekebishwe. Mimi nilikuwa na ya kurekebisha tangu wimbo wa pili.

Kwanza, pombe ile ilikuwa imeletwa na shetani. Kweli. Msichana mwenye pembe nyekundu na mkia wa kamba alicheza densi jukwaani akimimina maji ya bluu. Shetani nampinga kama Mkristo mwingine yeyote, lakini siku ile hakuwepo. Aliyetuuzia ni mwenye agroveti, yule anayeuza mbolea na dawa ya ng'ombe. Majina sitaandika, kwa sababu nilishaletewa barua ya wakili, na mimi niliishia darasa la sita, nusu yake sikuielewa na nusu niliyoielewa haikunipendeza. Lakini kwetu ukitaja kazi ya mtu umemtaja mtu. Huyo mwenye agroveti alichanganya dawa ya kusafishia matangi ya maziwa na maji na sukari iliyounguzwa, akatuuzia kwenye chumba cha nyuma kati ya magunia ya mbolea. Wa pili wa kulaumiwa ni naibu wa chifu, aliyekunywa chai katika duka hilo kila Ijumaa na hajawahi kusikia harufu, na baadaye akatia sahihi kwamba pombe ilitoka Nairobi. Wa tatu ni mimi. Glasi ya kwanza iliniunguza koo, na nikaomba ya pili. Sasa umejua wote.

Ubaya wa mchezo haukuwa shetani tu. Baada ya mimi kulewa, akatokea jirani mwema, mnene, shati jeupe, akanipakia kwenye pikapu ya makaratasi na kunikimbiza hospitali. Hapo waliimba wimbo mrefu hata nikamaliza njugu. Waimbaji kumi na wawili walisukuma ile pikapu wakizunguka jukwaa, wakisifu moyo wa huruma, na mke wangu wa jukwaani, mrembo, kitambaa cha hariri kichwani, amekaa tu kwenye kigoda analia.

Mke wangu halisi alikaza shuka lake mabegani. "Huyo mwenye pikapu ni nani?"

"Ni yule."

"Yule wa agroveti?"

"Si unaona tumbo."

Ukweli ni kwamba pikapu ya agroveti ilikuja, hiyo sikatai. Ilikuja kubeba pipa la ile pombe, lisionekane. Mimi nilibebwa na mke wangu kwa wilibaro, kutoka kwetu hadi barabara ya lami, mteremko na matope, nikitapika juu ya mikono yake.

"Kwa hivyo mimi," akasema, sasa si kwa kunong'ona, "nilikuwa nimekaa kwa kigoda?"

"Shhh!" wakasema watu wa nyuma.

"Msiniambie shhh mimi. Nilikuwa huko!"

Halafu yakafika mazishi yangu, na hapo watazamaji wa Nyeri wakaonyesha wao ni nani. Kwetu mtu huenda mazishini karibu kila wiki. Ratiba ya mazishi tunaijua kuliko ya masomo ya watoto wetu. Jeneza lilipoingia, wanaume wote ukumbini wakavua kofia. Kwaya ya jukwaani ilipoanza wimbo, ukumbi ukaimba sauti ya pili, ya tatu na ya besi, bila kuombwa. Kisha mwigizaji aliyekuwa akiongoza shughuli akasema, kama maandishi yalivyomwambia, "Sasa tutapita kwa utaratibu kumwona marehemu kwa mara ya mwisho."

Wakasimama. Nakwambia ukumbi mzima ulisimama. Akina mama wa safu ya kwanza walitangulia, wakafuata wa pili, wakapanda ngazi za jukwaa kwa mstari, mikono kifuani, upande wa kulia wakiingia, wa kushoto wakitoka, kama ambavyo wamefanya maisha yao yote. Waigizaji walibaki wakitazamana. Yule msichana wa Nanyuki alitoka nyuma ya pazia, akauona mstari, akarudi.

Mama mmoja akamgusa yule kijana shavuni. "Woi! Huyu ako na joto!"

"Ni mchezo, nyanya," kijana akasema bila kufungua macho.

"Na anaongea!"

"Songa, songa," wakasema walio nyuma. "Wengine pia tunataka kuona."

Mke wangu alisimama akanyoosha sketi. "Na mimi naenda. Wacha nikuone mara ya mwisho."

Nikamfuata, ningekaa peke yangu nifanye nini? Ilikuwa foleni ndefu. Nilipofika nilimtazama kijana yule, amepakwa unga usoni, jasho limechora njia mbili. Nilifikiri: wale wanne walilazwa hivi, nami nilikuwa hospitalini, sikumwona hata mmoja. Nikashuka ngazi polepole.

Baadaye nilisoma karatasi za wengine pale mezani, kwa kuwa hakuna aliyenizuia. Mmoja aliandika, "Mazishi yalikuwa mazuri lakini hakukuwa na chakula." Mwingine, "Shetani avae nguo ndefu." Mwingine, "Pikapu imenifanya nilie sana, Mungu ambariki huyo jirani." Hiyo nilitaka kuirarua. Yangu niliandika kwa herufi kubwa, ikanichukua muda: "ALIYEUZA HAJATAJWA. NA MIMI SIJAKUFA."

Mwelekezi alinishika mkono mlangoni. "Baba, usikasirike. Mtu akipona, watazamaji hawalii. Ilibidi ufe."

"Kufa nimekubali. Na yule wa agroveti?"

Akatazama viatu vyake. "Yeye ndiye mfadhili wetu. Nguo, vyombo vya sauti, ukumbi, ni yeye. Lakini baba, tumemweka. Yuko ndani ya yule shetani. Ni ishara."

"Shetani hana duka," nikamwambia. "Huyu ako na duka, liko mkabala na soko, mlango wa kijani. Andika hivyo kwa wimbo."

"Hatuwezi."

"Basi mlichokuja kurekodi kwangu siku tatu ni nini, kikohozi changu?"

Simlaumu sana, alikuwa na waimbaji wa kulisha. Namlaumu kiasi.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na onyesho la pili la majaribio, ukumbi ule ule, na safari hii mfadhili mwenyewe angekuja kama mgeni wa heshima. Wiki nzima nilisema siendi. Ijumaa mke wangu akanipigia pasi koti.

"Nimesema siendi."

"Sikusema unaenda. Nimesema koti lina makunyanzi."

Tulienda. Tulienda na mjane mmoja wa wale wanne, jirani yetu, mwanamke asiye na maneno mengi, ambaye mumewe alikuwa ameketi kushoto kwangu siku ile ya magunia. Alikuwa hajaona mchezo. Nilimweleza njiani ili asishtuke. Akasema tu, "Na wangu wamemwimba?" Nikamwambia hapana, wale wanne wamefanywa kuwa wacheza densi wa nyuma. Akatazama nje ya dirisha la matatu.

Mwenye agroveti alikuwa mbele kabisa, kiti cha kitambaa, ua la plastiki kifuani, mkewe pembeni. Siku hizi ni mzee wa kanisa. Wimbo wa pikapu ulipoanza akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu anayesomewa sifa zake na hataki zikatizwe.

Mazishini mwelekezi alikuwa amejipanga. Ile habari ya kupita kumwona marehemu aliifuta, na mbele ya ngazi aliweka kamba. Lakini alifuta mstari mmoja akasahau mwingine. Mwongoza shughuli akaita majirani, mwigizaji mmoja akasema maneno mawili. Akaita kikundi cha akina mama, wakaimba. Kisha akasema, "Kama kuna mtu wa familia aliye na neno, aje sasa, au tufunge."

Walipaswa kunyamaza kidogo, kisha kwaya iingie. Ule ukimya ulikuwa wa kuonyesha huzuni. Lakini kwetu ukimya wa namna hiyo ni aibu. Familia ikinyamaza, watu huulizana marehemu aliwafanyia nini. Watu wakaanza kugeuza shingo. Nikatazama lile jeneza, nikaona familia yangu ni mke wangu na mimi, na mke wangu alikuwa ananitazama.

"Nenda," akasema. "Kabla hawajafunga."

Niliruka kamba. Kuruka ni kusema tu, nilikwama mguu mmoja na mzee wa safu ya pili akanisaidia kuutoa. Nikachukua maiki kutoka kwa yule kijana mwongoza shughuli, naye akanipa, kwa sababu hata yeye ni mtoto wa huku, mtu wa familia akija kunyoosha mkono unampa.

"Mimi ndiye marehemu," nikasema.

Ukumbi ukacheka. Wakapiga makofi! Mama mmoja akapiga kigelegele. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Kijana jenezani akafungua jicho moja, na kwa bahati mbaya tukafanana.

"Sikubebwa na pikapu," nikasema. "Nilibebwa na mke wangu, yule pale mwenye shuka la kijivu, kwa wilibaro. Pikapu ilikuja kubeba pipa. Pipa lilitoka chumba cha nyuma cha agroveti iliyo mkabala na soko, mlango wa kijani. Mwenyewe ndiye alichanganya. Naibu wa chifu akasema imetoka Nairobi. Mimi niliomba glasi ya pili. Wenzangu wanne hawakuomba chochote, waliwekewa tu."

Nao wakazidi kupiga makofi. Ati mwigizaji gani huyu, wamemtoa wapi huyu! Na mwenye agroveti naye alikuwa anapiga makofi, huku akitabasamu kulia na kushoto, kwa sababu afanye nini? Akiacha kupiga, atakuwa amejitaja. Nilisimama pale nimesema yote niliyobeba miaka hiyo, na aliyenifanyia hayo ananishangilia. Nikataka sakafu ifunguke, wanizike kweli.

Ndipo yule mjane aliposimama. Hakupanda jukwaa. Alisimama tu kwenye nafasi yake, mkoba mkononi.

"Huyo si mwigizaji," akasema. "Bwana yangu alikuwa wa pili kufa kati ya hao wanne."

Makofi yakakatika, vipande vipande, hadi akabaki mtu mmoja nyuma asiyesikia vizuri, naye akashikwa mkono.

Yule kijana mwongoza shughuli akafanya kile ambacho mtoto yeyote wa kwetu angefanya shughuli ikimshinda. Akamwita mgeni wa heshima aje asalimie watu.

Mwenye agroveti alikuja. Angekataa vipi? Alipanda ngazi akichomoa lile ua, akanichukulia maiki bila kunitazama, akakohoa.

"Bwana asifiwe," akasema.

Msomaji, hujui Nyeri kama hujui jambo hilo. Ukisema maneno hayo sokoni, stendi, hata kwa foleni ya benki, watu wanaitikia amina kabla hawajajua ni nani. Mke wangu huitikia redio. Ukumbi ule ulikuwa na watu mia na zaidi, na hakuna aliyeitikia. Hata mkewe hakuitikia.

"Wapendwa, Bwana asifiwe," akasema tena, kwa sauti ya chini.

Nikasikia bati la paa likilia kwa jua. Akaiweka maiki ndani ya jeneza, kwenye tumbo la yule kijana, akatoka kwa mlango wa pembeni unaopitia chumba cha nguo. Baada ya muda mkewe alimfuata. Shetani aliwapisha.

Mwelekezi alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya pazia, kichwa mikononi. Alijua kilichokuwa kimetoka kwa mlango ule: nguo, vyombo vya sauti, Kangari, Nanyuki. Kwaya ilinitazama mimi, kana kwamba marehemu ndiye anayejua kinachofuata.

Mjane alitoka safu yake, akatembea hadi mbele, akaketi kwenye kile kiti cha kitambaa. Pembeni palikuwa na maji ya chupa waliyowekewa wageni wa heshima. Akafungua moja, akanywa karibu nusu.

"Sasa endeleeni," akawaambia. "Mzikeni, na hao wengine muwataje."

Kijana mwongoza shughuli akaniuliza majina yao kwa sauti ndogo. Nikamwambia moja baada ya jingine, naye akayasema kwenye maiki, na kila lilipotajwa ukumbi ukasimama.