Mkaa Usio na Moshi wa Mama Jenifer

Hapa Msasani ya Tukuyu ukitaja mkaa umemtaja Atuganile, mama Jenifer. Mimi Rukia nakaanga vitumbua mkabala na magunia yake mwaka wa kumi na moja sasa, na masikio yangu yalishachoka na wimbo wake: "Mkaa wangu hauna moshi, hata mtoto mchanga analala nao." Uongo haukuwemo. Aliuchambua mwenyewe, kila kipande kisichoiva vizuri akakitupa, maana hicho ndicho kinachofuka. Nilikuwa namtania kwamba anaupenda mkaa kuliko alivyompenda marehemu mumewe. Anacheka, ananiongezea vipande viwili.

Julai mwaka jana Jenifer, binti yake wa pekee, alikuja kujifungulia kwao. Baridi ya Tukuyu mwezi huo mnaijua, ukungu unakufuata mpaka kitandani. Mama mtu akamtengea chumba cha uani, akaziba matundu ya hewa kwa viroba, akaweka jiko karibu na kitanda ili mzazi na kichanga wapate joto. Mimi mwenyewe nilimsifu, Mungu anisamehe.

Siku ya nne baada ya kujifungua, asubuhi, Jenifer alilalamika kichwa kinamgonga na anasikia kichefuchefu. Mama yake akamwambia ni uchovu wa uzazi, na baridi imemwingia. Akaongeza mkaa, akafunga mlango, akaja kuuza.

Saa nne nikampelekea Jenifer uji wa pilipili manga. Nabisha hodi, kimya. Nikausukuma mlango. Lahaula! Jenifer nusu yuko kitandani nusu sakafuni, matapishi shingoni, na mtoto pembeni yake kalegea kama kitambaa kilicholowa. Halafu chumba chenyewe kisafi, hakuna moshi wala harufu, makaa mekundu yanawaka vizuri tu. Hilo ndilo linalonitetemesha mpaka leo, kwamba hapakuwa na kitu cha kuogopa.

Nikamtoa mtoto, nikamrudia mama yake, nikamburuta mpaka uani kwenye manyunyu. Majirani wakajaa, na Atuganile mbio nyuma yao. Huyu anataka wanyweshwe maziwa, yule anasema wamerogwa. Niliwafokea watafute bajaji, uchawi tutaujadili baadaye. Hospitali wakawekewa oksijeni, na daktari, kijana mpole, akatueleza kwamba mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. "Moshi ungewatoa mbio," akasema. "Hii inawalaza."

Adhuhuri mtoto akalia, na Jenifer akamwita mama yake. Nilitegemea Atuganile apige magoti amshukuru Mungu wake. Alisimama wima, midomo imemkauka.

"Rukia, nimewaambia watu wangapi walale nao?"

Akanishika mkono.

"Felista ana kichanga cha wiki mbili. Nimemuuzia jana. Nimemwambia."

Akatoka mbio, kandambili zikabaki mlangoni, nami nyuma yake nahema. Felista alitufungulia huku kajishika ukutani. Akasema kichwa tu kinamuuma kidogo, ila mtoto leo kalala vizuri ajabu, tangu asubuhi hajamsumbua. Atuganile alimpita bila salamu, akamnyakua mtoto, akatoka naye uani, akawa anamfinya nyayo na kumwita jina, anamfinya na kumwita, mpaka kale katoto kakatoa sauti nyembamba. Ndipo akanikabidhi, akarudi ndani, akalibeba jiko linalowaka kwa mikono mitupu na kulitupa kwenye matope. Nilisikia harufu ya ngozi ikiungua. Yeye hakusikia kitu, alikuwa anauliza tu bajaji iko wapi. Siku hiyo hiyo Felista na mwanawe nao waliwekewa oksijeni, wakapona.

Leo Atuganile anauza mkaa kwa viganja vilivyokunjamana kwa makovu. Wimbo umekwisha. Ukifika na ndoo yako anakuuliza kwanza, "Jiko lako linalala wapi?" Ukisema ndani, anaigeuza ndoo juu chini na kukurudishia. Wateja wananuna, wengine wamehama, na mimi nikimwambia atalala njaa anaendelea kuchambua mkaa wake.

Juzi kapita mama mmoja mgeni, mtoto mgongoni. Akasema amesikia hapa kuna ule mkaa usio na moshi, upi?

Atuganile akamfumbulia viganja vyote viwili.

"Ndio huu," akasema.