Mgonjwa Hapelekewi Hadithi Fupi

Juzi sokoni Bagamoyo, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, nilimkuta mama mmoja ameshika vitabu viwili vya katuni, kila kimoja na timu yake ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Alikuwa akimchagulia bintiye aliyelazwa hospitali.

"Aanze na timu ipi, mwanangu?" akamuuliza muuzaji.

"Hii, mama. Vitabu vitatu tu, hadithi imekwisha. Hiyo nyingine haina mwisho, na mimi ninacho cha kwanza peke yake."

Mama akakipapasa kile cha hadithi isiyo na mwisho. "Daktari kaniambia nimrudishe nyumbani, dawa hakuna tena. Nikimpelekea fupi, atajua nimekata tamaa."

Bibi mzima mimi, nikajitia kupekua vitabu. Marehemu mama yangu alituusia kwamba mgonjwa hakatiwi sanda kwa maneno. Ndivyo tulivyo sisi wa pwani: tunamwambia mtu kanawiri, na jikoni tumeshamlilia.

Yule mama akakilipia kile cha hadithi ndefu. Alipofika mbali kidogo akageuka.

"Na cha pili unitafutie, eeh?"

"Nitakutafutia, mama," akajibu muuzaji, na sote watatu tukaangalia chini.