Mke wa Mwanamfalme na Mama Heshima

Kwenye barua za serikali, kwenye kadi ya kazi na kwenye kibao cha mlango wake huko Bredäng, kitongoji cha Stockholm, aliitwa Perpétue Nabintu. Uswidi haina shida na jambo hilo. Mwanamke huja na jina lake, aolewe au aachwe, nalo haliendi popote. Lakini kila Jumapili alipofika kanisani Hallunda, jina hilo alilivua mlangoni pamoja na koti. Ndani aliitwa Mama Heshima.

"Mama Heshima, kijana hajambo?"

"Hajambo, namshukuru Mungu. Anasoma."

Heshima alikuwepo kweli, kijana wa miaka kumi na tisa anayeishi Uvira, Kongo. Ila alizaliwa na Orpha, mdogo wake Perpétue. Perpétue mwenyewe hakuwahi kuzaa. Alikaa na mumewe Urbain miaka sita, akapelekwa kwa waganga na kwa madaktari, Urbain asipelekwe popote, mwishowe Urbain akamrudisha kwao na masanduku mawili. Alipofika Stockholm, mama mmoja wa kanisa alimshika mikono akamwuliza, "Na wewe ni mama nani?" Mdomo ukajibu kabla kichwa hakijafika. Uongo ulikuwa wa neno moja tu, na baada ya hapo wengine ndio walioulisha.

Mtu mmoja alijua. Concessa, Mrundi, mama yake Inès, alifanya kazi naye katika nyumba ya wazee. Siku moja wakikunja mashuka, Perpétue alimweleza yote. Concessa alilia kuliko yeye. "Dada yangu," alisema, "hili nitazikwa nalo." Ikapita miaka kumi na moja, na kila Jumapili Concessa alimwita Mama Heshima kwa sauti kubwa kuliko wote, kama mtu anayemshikia mwenzake mwavuli.

Kisha ikaja studiecirkel. Waswidi wana desturi hii ya watu wazima kukutana jioni, kunywa kahawa na kujifunza pamoja, iwe kushona, iwe nyota za angani. Gitau, Mkenya anayefundisha hesabu, alianzisha ya Kiswahili katika maktaba ya Bredäng, kila Jumanne. Kazi yao ilikuwa kuandika makala za Kiswahili kwa ajili ya kamusi elezo ya bure mtandaoni, ambayo yeyote anaweza kuandika na kurekebisha. Kila mmoja achague jambo linalogusa Uswidi. Makala itakayopendeza zaidi itasomwa mbele ya wageni katika maktaba ya mjini.

Concessa aliandika juu ya mkate wa mdalasini. Perpétue aliandika juu ya Sumiko.

Sumiko alimpata kazini. Bibi mmoja wa miaka tisini na sita, ambaye Perpétue alimwogesha kila asubuhi, alizoea kusimulia kuhusu msichana wa Kijapani aliyesoma darasa moja na mama mzazi wa bibi huyo, binti wa balozi, aliyejua kuteleza barafuni kuliko Waswidi wenyewe. Msichana huyo alirudi kwao akaolewa na Mwanamfalme Norihisa. Perpétue alitafuta vitabu, akaomba msaada wa mkutubi, akasoma Kiswidi na Kifaransa hadi macho yakamwuma. Alikuta kwamba siku ya harusi jina la Sumiko lilifutwa katika daftari la ukoo wake likaandikwa katika daftari la familia ya kifalme, na kwamba tangu siku hiyo magazeti mengi yalimwita kwa jina la mumewe. Alikuta pia shule ya watoto viziwi aliyoiendesha miaka thelathini, na barua alizomwandikia mama wa yule bibi, rafiki yake wa Stockholm, kwa Kiswidi mpaka uzeeni.

Jumanne ile walibishana juu ya kichwa cha makala.

"Weka 'Malkia Sumiko'," alisema Félix, dereva wa basi kutoka Kigali. "Watu watasoma."

"Malkia wa wapi?" alisema Perpétue. "Mumewe hakutawala hata siku moja."

"Basi 'Binti Mfalme'."

"Baba yake alikuwa balozi, Félix. Sasa umfanye binti wa mtu mwingine?"

Wakacheka. Concessa akasema, "Si useme tu 'Mke wa Mwanamfalme Norihisa'. Ndivyo alivyojulikana."

"Alijulikana hivyo kwa waliomtazama kwa mbali," alisema Perpétue. "Mimi nataka kichwa kiwe 'Sumiko', halafu sentensi ya kwanza iseme aliolewa na nani."

Gitau akakuna ndevu. "Vyanzo vyako vinasemaje, Mama Heshima?"

"Vinatumia yote mawili."

"Basi jina lake lisimame. Ila cheo kisifichwe, na maisha yake yaelezwe kwa haki. Ya watoto umeiweka?"

"Fungu la nne. 'Hawakupata mtoto.'"

"Hawakupata," alirudia Concessa taratibu, akinywa kahawa yake.

Juma lililofuata makala ya Perpétue ndiyo iliyochaguliwa. Concessa alipiga makofi, akamkumbatia, akamwambia avae kitenge cha kijani siku ya kusoma.

Jumapili iliyofuata, kanisani, hakuna aliyemwuliza habari za Heshima.

Mwanzoni hakuona. Aliona baada ya ibada, alipokuwa na kikombe mkononi. Mama mmoja alimsalimia, "Habari yako... dada." Mwingine alimshika bega kwa huruma, kama mtu anayefika msibani. Maombi, binti wa kwaya asiyejua kunyamaza, ndiye aliyemwambia, "Shangazi, kaangalie ule ukurasa wako."

Aliufungua ndani ya treni. Kichwa kilikuwa kimebadilishwa: "Mke wa Mwanamfalme Norihisa". Sentensi ya kwanza ilisema: "Alikuwa mke wa Mwanamfalme Norihisa, na hakuweza kuzaa." Shule ya viziwi ilikuwa imeshushwa chini kabisa. Katika ukurasa wa majadiliano, ambako waandishi hujadili makala, kwa akaunti ambayo Perpétue mwenyewe alimsaidia kuifungua, Concessa alikuwa ameandika:

"Kanuni yetu inasema mwenye jambo lake binafsi na mada aseme wazi. Mwandishi wa makala hii hana mtoto. Mumewe alimrudisha kwao kwa sababu hiyo. Kijana anayemtaja ni wa mdogo wake. Ndiyo maana anamtetea huyu Mjapani. Makala haina haki."

Aliyasoma mara nne, akapitiliza kituo chake. Kilichomchoma hakikuwa maneno "hana mtoto". Ilikuwa "mumewe alimrudisha kwao", kwa sababu ni maneno aliyoyatamka yeye mwenyewe, kwa mpangilio uleule, mashuka yakiwa mikononi mwao.

Kesho yake adhuhuri Orpha akapiga simu kutoka Uvira. Hakusalimia.

"Yaya, dada yangu mkubwa, kweli weye ni Mama Heshima huko?"

Perpétue akafunga mlango wa chumba.

"Watu wamenitumia picha za hayo maneno. Watu wa Bujumbura hata siwajui! Ju ya nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Miaka yote hiyo nilikuwa naona unavyomuulizia, nasema yaya wangu ana upendo." Sauti ya Orpha ikakatika. "Minakupenda, unasikia? Lakini huyu mtoto nilimzaa mie, nikakaribia kufa. Jina lake unirudishie."

"Nakurudishia."

"Leo."

"Leo, Orpha."

Akakaa kitandani na simu mapajani. Tangu jana alikuwa amejiona ameibiwa, na kumbe na yeye alikuwa na cha watu ndani ya nyumba. Hilo halikumpunguzia Concessa hatia hata chembe. Lilimwondolea tu pa kujificha.

Jumanne alifika maktaba mapema. Gitau alikuwa akimsubiri na kompyuta wazi, uso umemshuka.

"Mama, sijalala vizuri. Yale maneno yanaweza kufichwa. Nimeshaongea na wasimamizi. Ukisema ndiyo, kufikia kesho hakuna atakayeyaona tena."

"Na walioyaona?"

"Hao siwezi."

"Basi yaache."

Wengine wakaingia. Concessa akaingia mwisho, ana mkebe wa mikate ya mdalasini, akauweka mezani akasema kwa uchangamfu ule wa siku zote, "Hamjambo! Mama Heshima, karibu, bado ni ya moto."

Félix akatazama dirishani. Perpétue akavuta kompyuta, akaandika kwa vidole viwili, huku akisoma kwa sauti kila neno alilolipiga:

"Ni kweli. Sina mtoto. Heshima ni mtoto wa mdogo wangu Orpha, na nimekosa kulitumia jina lake. Naitwa Perpétue Nabintu. Sasa anayeweza anionyeshe ni sentensi ipi ya makala yangu isiyo ya kweli. Niliandika 'hawakupata mtoto' kwa sababu hakuna kitabu kinachosema nani kati ya wale wawili hakuweza. Aliyeandika 'hakuweza kuzaa' alete kitabu chake."

Akabonyeza. Wote wakamgeukia Concessa.

"Kitabu gani?" alisema Concessa. "Kila mtu anajua. Asipopatikana mtoto, inajulikana."

"Inajulikana na nani?" aliuliza Gitau.

Concessa akafunika mkebe wake. Gitau akarudisha kichwa cha awali na sentensi ya awali, mbele ya macho ya wote, na ilichukua muda mfupi kuliko kumimina kahawa. Hakuna aliyeshangilia. Mikate ilibaki mkebeni.

Usiku huo Perpétue alikuwa na zamu kazini, na Concessa alimfuata hadi kituoni, akihema.

"Dada, nisikilize. Sikutaka kukuumiza. Walikuchagua wewe, sawa, lakini mimi niliumia rohoni. Unaandika juu ya haki, juu ya ukweli, halafu kila Jumapili mimi ndiye nakubebea uongo wako. Miaka kumi na moja! Nimechoka kubeba. Nimesema ukweli tu."

Perpétue alimtazama. Alitafuta usoni mwake yule mwanamke wa mashuka, na alimkuta, hakuwa amebadilika hata kidogo. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Ungenirudishia mimi," alisema. "Ungeniambia, 'Mgongo wangu umechoka, beba mwenyewe.' Ningebeba. Ukweli ule ulikuwa wangu, Concessa."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Alikuwa dada, alikuwa Mama Inès. Concessa alirudi nyuma hatua moja kana kwamba amesukumwa.

"Sasa unaniita hivyo?"

"Ndilo jina lako."

Treni ya Norsborg ikaingia, ile ya kumpeleka Concessa kwake Hallunda. Alisita mlangoni, akisubiri neno. Perpétue alikuwa na maneno mengi, kwa lugha nne, na hakumpa hata moja. Milango ikafungwa.

Mwezi uliofuata alisoma makala yake katika maktaba ya mjini, mbele ya watu arobaini, akiwa amevaa sweta la kawaida. Alipomaliza, mzee mmoja wa Kiswidi aliuliza kupitia mkalimani kama mwandishi ana watoto, maana angependa wajivunie. Ukumbi ulikuwa na watu saba wa kanisa la Hallunda. Perpétue alimjibu kwa Kiswidi, bila kumsubiri mkalimani, "Sina." Kisha akauliza kama kuna swali lingine kuhusu Sumiko.