Maiti wa Kitabu cha Sita

Kitabu cha sita ndicho nilichokipenda kuliko vyote, na ndicho kilichonitia uchungu. Mpaka leo mtu akikitaja nahisi joto la masikio.

Vilikuwa vitabu vya Kiingereza vya upelelezi, mfululizo mmoja, mpelelezi yule yule na koti lake lile lile. Ami yangu, karani wa bandarini hapa Wete, alikuwa akivipata kwa Muhindi mwenye duka la vitambaa, ambaye mwanawe alikuwa akiletewa kutoka Tanga na akishavisoma hana haja navyo tena. Mimi skuli niliachishwa mapema. Kiingereza nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kaka yangu na kwa kamusi ambayo mchwa walikula kurasa zake za mwisho. Maneno yaliyokuwamo katika kurasa zile nilikuwa nikiyabahatisha, na kila nikibahatisha nilikuwa sina raha siku nzima.

Nilikuwa nikivitafsiri kwenye karatasi, kisha nawasomea wanawake uani kwa shangazi yangu wakati wa msimu wa karafuu. Alasiri karafuu zikishamwagwa jamvini, wanawake hukaa kuzizunguka na kuzichambua: unashika kishada, unakibana na kiganja, karafuu zinaanguka huku na makonyo, vile vijiti vyake, unayatupa kule. Mikono inafanya kazi, masikio hayana kazi. Mimi mwenyewe katika kuchambua nilikuwa hasara tupu. Kila kishada nilikikagua kwanza, nikirudia nilichokwisha kukimaliza, mpaka shangazi akaninyang'anya na kunambia, "Wewe kaa kwenye kigoda utusomee. Hapa unatuchelewesha."

Nakiri kwamba kigoda kile ndicho mahali pekee duniani nilipojiona mtu. Nje ya ua ule nilikuwa msichana asiyemaliza skuli, anayetia chumvi kwenye mchuzi kwa kuipima mara mbili na bado anakosea. Juu ya kigoda, wanawake wazima walininyamazia wanisikilize.

Sasa msimu wa kitabu cha sita kaka yangu akanunua redio ya betri. Mke wake, wifi yangu, ambaye hanipi hata siku moja ya kupumua kwa utani wake, akataka iletwe uani. "Redio haichoki," alisema, "wala haisimami katikati ya habari ikatafuta neno kwenye kamusi." Shangazi hakuipenda sana, kwa kuwa siku hizo kila kitu kilikuwa kimeanza kuingiwa na siasa, na yeye hakutaka vyama vipite mlangoni pake. Lakini nyimbo alizipenda. Akakata shauri. "Tutasikiza hicho kitabu cha sita. Kikipendeza, tunakwenda na vitabu. Kisipopendeza, redio ije, na wewe urudi jamvini na wenzio."

Nilikitafsiri mara tatu. Majina ya Kizungu yalinishinda kuyatamka, na sikutaka kuyatamka kwa makosa mbele ya watu, kwa hiyo kila mtu nilimpa cheo badala ya jina. Mpelelezi alikuwa Bwana Mpelelezi, kama siku zote. Kijana aliyepanga chumba cha chini alikuwa Mpangaji. Na mwanamke aliyeuawa, aliyekuwa akiishi juu, nilimwita Bi wa Ghorofani. Nilijiona hodari.

Siku ya kwanza nikasoma mlango wa kwanza na wa pili wa kitabu. Bi wa Ghorofani kakutwa sakafuni jikoni. Polisi wamekuja, wamempeleka chumba cha baridi, daktari anamtazama. Nikaanza mlango wa tatu, Bwana Mpelelezi na Mpangaji wanakunywa chai na kuulizana maswali. Hapo bibi mmoja wa mtaani kwetu, ambaye ndiye anayeosha maiti wa kike kwetu sote, aliyemwosha mama yangu na mama yake shangazi, akaniuliza bila ya kuinua macho.

"Kaoshwa na nani?"

"Nani, Bibi?"

"Huyo Bi wa Ghorofani. Umesema kafa jana. Leo watu wanakunywa chai. Kaoshwa na nani?"

"Hajaoshwa bado. Yuko kwa daktari."

"Daktari mwanamme?"

Nikatazama karatasi kana kwamba sijui. "Mwanamme."

"Loo, mwenzetu huyo kafa na bado anatazamwa," wifi akasema. "Sie wazima hatutazamwi."

Wanawake wakacheka. Bibi hakucheka. Alikiweka kishada chake chini na kukaa vile vile mpaka nilipomaliza.

Nilikuwa sijatambua jambo moja. Katika vitabu vitano vya nyuma maiti alizikwa mapema, kwa sababu Bwana Mpelelezi alikuwa na desturi ya kusimama nyuma kaburini atazame nani analia na nani anajifanya analia. Mimi nilizichukulia sehemu zile kuwa ni za kupitia tu. Wao walikuwa wakizingoja. Na mwandishi katika kitabu cha sita, sijui kwa kuchoka au kwa kutaka kubadilisha, hakuweka maziko.

Siku ya pili, hata kuitikiwa vizuri sijaitikiwa, naulizwa, "Kazikwa?"

"Sikilizeni kwanza," nikasema. "Leo kuna jambo kubwa." Na kweli lilikuwamo. Mwavuli wa Mpangaji ulikutwa umerowa nyuma ya mlango, na siku ile mvua haikunyesha. Ndicho kitu kilichonifanya nikipende kitabu kile. Nilikisoma kipande hicho polepole, nikakirudia ili kiwaingie.

"Kautia maji ya bomba," shangazi akasema, "aonekane katoka safari ya mbali kwenye mvua, kumbe alikuwamo ndani. Ndiye yeye aliyemuua. Haya, keshazikwa?"

Mimi jambo lile lilinichukua mpaka ukurasa wa mwisho kulifahamu. Yeye kalifahamu huku anatoa jani kwenye karafuu, na hata halikumshughulisha.

"Bibi," wifi akamwambia mwosha, "hao si Waislamu. Wana taratibu zao."

"Taratibu zao ndiyo kumwacha mtu juu ya meza kitabu kizima? Na huyu mtoto kamwita Bi. Mie nikiambiwa Bi fulani kafa, nainuka. Siulizi zaidi." Akanigeukia. "Wewe umekimaliza hicho kitabu. Anazikwa lini?"

Ningeweza kusema uongo. "Hazikwi, Bibi."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Bibi akakung'uta makonyo kwenye kanga yake, akasimama. "Mie siwezi kukaa nikacheka na maiti yumo ndani," akasema, na akenda zake. Wanawake wengine wakabaki mikono imesimama, kama watu waliogundua kwamba wameketi katika nyumba ya msiba bila ya kujua. Nikajaribu kuendelea kusoma. Shangazi akanizuia kwa mkono.

"Basi. Kesho redio."

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, na hasira yenyewe sikujua pa kuitua. Nilimkasirikia mwandishi kwa kusahau kitu kidogo kama kile. Niliwakasirikia wasikilizaji waliopewa mwavuli ule wakautupa. Ami akanisikiliza, akasema, "Si umzike tu? Mistari miwili. Kwani unalipwa na mwandishi?"

Sikuweza. Nitasema kweli yake hapa, maana mbele ya ami sikuisema. Sikuwa nikimtetea mwandishi. Nilikuwa nikijitetea mimi. Msichana asiyekwenda skuli anaposhika karatasi na kusema "hivi ndivyo kitabu kinavyosema," kuna wanaomtazama kwa jicho la upande, wakidhani anatunga. Dawa yangu pekee ilikuwa kutoongeza hata neno. Nikitia maziko leo, kesho nitajuaje mwenyewe lipi la kitabu na lipi langu? Lakini pia nisipotia, kigoda kimekwenda.

Alasiri iliyofuata nilikwenda na karatasi zangu, sijui kwa nini. Wifi alikuwa ameshafika na redio imefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga, ameiweka kizingitini. Bibi naye alikuwapo, kwa kuwa karafuu ni karafuu, na kitabu hakimo siku hiyo. Nikasimama mbele yake, na badala ya kumwamkia kama inavyotakiwa, nikasema maneno ambayo nilikuwa nikiyatafuna tangu asubuhi.

"Bibi, mimi siwezi kumzika. Kitabu hakinipi ruhusa. Mnamtaka azikwe, mzikeni nyinyi. Mimi nitangoja hapa."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Shangazi akanikazia macho. Nilingoja nikaripiwe.

Bibi akasogea kidogo jamvini. "Ana watu?" akauliza.

"Ana dada. Yuko mji wa mbali."

"Kaarifiwa?"

"Kaarifiwa, mlango wa nne."

"Basi angojwe dada. Lakini si juu ya meza." Akachukua kishada, akaanza kuchambua, na huku akisema kwa sauti yake ile ya kazini, ambayo wengi wetu tuliijua kutoka siku mbaya za nyumba zetu. Kwanza huyo daktari atoke, na mlango ufungwe. Dua zetu hamsomei, kwa kuwa si wa dini yetu, na zao hazijui, hilo atalifanya dada yake. Lakini maji ni maji, na mtu hachoki kusafishwa. Akaeleza maji yatiwe wapi na yawe ya uvuguvugu, nani ashike kichwa, vipi mwili ufunikwe usionekane hata na wanaouosha. Hakutaja utaratibu wowote ambao haukumstahiki yule mgeni. Alisema tu namna ya kumshughulikia mwanamke aliyekufa peke yake jikoni.

"Shuka nitatoa mie," wifi akasema. "Zile mpya."

"Nyumba hiyo hakuwashwi moto," shangazi akasema. "Dada akifika ale nini? Mie nitapika uji, na mchana wali."

Mwengine akauliza dada atalala wapi, akapatiwa pa kulala. Mwengine akasema Mpangaji asiguse jeneza, na wote wakakubali, bila ya ushahidi wowote zaidi ya mwavuli. Karafuu zilikuwa zikianguka jamvini kwa sauti moja. Wifi akajifuta macho na kusema ni vumbi la makonyo. Hakuna aliyemtania, na yeye angekuwa wa kwanza kumtania mwengine.

Mimi nimekaa na karatasi zangu mapajani, nimekasirika zaidi kuliko jana, kwa sababu kile kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichopata kuwasomea.

Walipomaliza, Bibi akapangusa mikono. "Haya," akanambia. "Endelea."

Nikaendelea, siku ile na zilizofuata, mpaka mwisho. Walisikiliza kwa upole, kama watu waliotoka maziko na kukaa barazani. Mlango wa mwisho, ambamo Bwana Mpelelezi anawakusanya wote na kuweka mwavuli ule mezani, nilikuwa nimeuandika upya hata vidole vikauma. Shangazi akasema, "Si nilisema." Bibi akasema, "Hayo sasa ya serikali." Na wakaanza kuulizana habari ya samaki.

Ilipokwisha karafuu ya mwisho shangazi akataka rai za watu. Wifi alisema Bwana Mpelelezi amezeeka na yale mapenzi aliyotiliwa mwishoni hayamkai, lakini na yeye si mtu? Mwengine alisema kirefu, maswali mengi. Kisha Bibi akasema, "Kizuri. Kimewapita vyote. Hasa pale alipozikwa."

Wote wakakubali. Pale alipozikwa ndipo penyewe.

"Hapamo kitabuni," nikasema.

"Pamo," shangazi akasema. "Tumepasikia hapa hapa."

Redio ikarudishwa kwa kaka, na ami akatumwa akatafute cha saba. Nilipata nilichokitaka, na nilikaa nacho siku nyingi bila ya kuweza kukifurahia. Habari zikatembea. Wanawake wa mtaa wa pili wakaja kwa shangazi siku moja, wakaomba niwasomee maziko ya Bi wa Ghorofani, hayo tu, mengine hawana haja nayo. Nikawatolea karatasi zote, nikawatolea na kitabu chenyewe, nikafungua ukurasa mmoja mmoja kuwaonyesha kwamba hakuna. Hawajui kusoma, lakini wakatazama kila ukurasa kwa uangalifu, wanausogeza karibu na macho, wakanirudishia.

"Kayaruka," mmoja wao akamwambia shangazi, taratibu, kama anayetaka kunisitiri. "Mvivu huyu."

Shangazi akanitazama, akatazama kitabu cha saba kilichokuwa tayari kwapani mwangu.

"Hicho usiruke kitu," akasema.