Pale Upondo Unapogusa Chini

Kamba ilikuwa inashuka mkononi mwangu, fundo baada ya fundo, na jiwe bado halijagusa chini.

"Fundi, leo unalishonea ziwa suruali?" Mzee Melkiadi aliniuliza kutoka nyuma ya mtumbwi.

Nikatabasamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ikola. Kupima ndiyo kazi ninayoijua.

Wengine wawili hawakucheka. Tulikuwa tunapima mahali alipofia Danford.

Wakuu, ajali ile tuliishuhudia kutoka ufukweni, mchana kweupe. Upepo ulichafuka. Danford na mdogo wake Josephat walikuwa ziwani, kila mmoja na mtumbwi wake wa mashine. Danford akakimbilia mwambani, pale ambapo wavuvi wetu wote hukimbilia, kwa sababu upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, unafika chini.

Wimbi moja likasimama kama ukuta. Mengine yote yalikuwa ya kawaida, hilo moja tu.

Likamfunika.

Josephat alibaki kilindini. Akarudi mzima.

Maneno yakaanza hapo. "Alijuaje asiende mwambani?" Wakasema wimbi kalituma yeye. Ukoo ukakubaliana afukuzwe siku ya arobaini, ila neno la mwisho wakamwachia mjane, Imakulata.

Akaja dukani kwangu. "Fundi, nyie mnasoma soma kwenye simu. Kuna wimbi la namna ile bila mkono wa mtu?"

"Sijui, mama. Tukapime."

"Tukapime. Nikimfukuza mtu bure, nitamrudishaje?"

Ndiyo maana tulikuwa majini. Josephat anapiga kasia. Imakulata ameketi mbele yake, hajamsemesha tangu mazishi. Mzee Melkiadi, baba mdogo wa Danford na Josephat, kaja kama shahidi wa ukoo.

Jiwe likagusa. Kamba ilikuwa karibu kuisha.

Tukasogea kidogo tu kuelekea mwambani. Nikalishusha tena. Safari hii halikuchukua muda, kamba ikalegea mafundo machache tu yakiwa yameshuka.

Nikarudia. Nikasogea pembeni, nikarudia tena. Majibu ni yale yale.

"Chini hapa pana ukuta," nikasema. "Wimbi linatoka kilindini na mwendo wake. Likipanda ghafla kwenye kina kifupi, la mbele linapunguza mwendo, la nyuma linalifikia. Yanabanana. Mara nyingi hakuna kitu. Siku nyingine, hapa ukingoni, linainuka moja lisilolingana na wenzake."

Mzee Melkiadi akasema, "Lakini sisi tumefundishwa tukimbilie hapa. Upondo ukigusa chini, moyo unatulia."

"Ni hapa hapa, mzee."

Akaitazama mikono yake. "Danford nilimfundisha mimi."



Kisha akainua kichwa, sauti imepungua ukali. "Sawa. Na huyu alijuaje?"

Josephat akaacha kupiga kasia. "Sikujua, baba mdogo. Nilikuwa namfuata kaka. Mashine ikanizimikia."

Imakulata akageuka. Ndiyo mara ya kwanza kumtazama. "Mashine ya kuzimikazimika si ilikuwa ya Danford?"

"Ilikuwa yake, shemeji. Asubuhi ile nikamwambia tubadilishane. Yeye ana watoto. Mimi nikikwama, nimekwama peke yangu."

"Mbona hukusema, Josephat? Muda wote huu unatukanwa!"

"Ningesemaje? Kwamba ile nzima niliyompa ndiyo iliyomfikisha pale kwa wakati?"

Jamani. Nilikuja kumtafutia mtu huyu nafuu. Kila fundo nililohesabu lilikuwa linamwonyesha mahali alipompeleka kaka yake kwa wema wake.

Imakulata alilia bila sauti. Baadaye akachota maji kwa kiganja, akanawa uso.

"Shemeji," akasema, "siku ya arobaini utakaa na mimi. Atakayetaka kukutoa, anitoe na mimi."

Mzee Melkiadi aliitikia kwa kichwa tu.

Ndugu zangu mnaosoma, msiba ukiingia tunaharakisha kumpata wa kumbebesha. Tumuulize kwanza. Huenda amenyamaza kwa sababu kilicho moyoni mwake ni kizito kuliko matusi yetu.

Upepo umeanza, tumelazimika kurudi. Upande wa kusini wa mwamba bado hatujaupima, na madumu ya kuelea, ya kuwaonya wengine, hatujayafunga. Kesho asubuhi tunaendelea. Josephat kasema atapiga kasia yeye.